Kila sharti linakula idadi: kupanga utoaji wa mabango kwenye seva ya matangazo

Mteja wa tangazo la mtandaoni huja na mambo mawili kwa pamoja: idadi na masharti. Anataka bango lake lionekane mara 60,000 kwa mwezi, na papo hapo anataka litoke jioni tu, kwa watu wa Malindi tu, na mtu mmoja asilione zaidi ya mara 3 kwa siku. Mimi naendesha seva za matangazo, yaani mitambo inayochagua bango lipi litoke ukurasa unapofunguliwa, za tovuti za habari na utalii hapa Malindi na Lamu, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuyapatanisha mambo hayo, kwa sababu kila sharti linakula idadi.

Natumia Revive Adserver. Ni programu huria inayotembea kwa PHP, lugha ya kuandikia programu za tovuti. Wakongwe waliijua kama phpAdsNew, ikaja kuwa OpenX, na tangu 2013 ndiyo Revive.

Kampeni ya mkataba ina idadi na tarehe ya mwisho. Kila saa seva hupiga hesabu upya: yamebaki maonyesho mangapi, umebaki muda gani, na nafasi ya bango kwenye ukurasa hupata wageni wangapi. Kutokana na hapo hupanga bango lako lichaguliwe mara ngapi kurasa zinapofunguliwa. Maonyesho 60,000 kwa siku 30 ni 2,000 kwa siku. Tuseme tovuti inafunguliwa mara 10,000 kwa siku. Nafasi ziko tele. Sasa weka sharti la saa kumi na moja hadi saa moja jioni, zibaki mara 1,400. Seva italitoa bango hilo kila ukurasa unapofunguliwa, haitawapa wengine hata nafasi moja, na bado itapungukiwa 600 kila siku. Wala haitakupigia kelele. Mwezi ukiisha ndipo unakuta 18,000 hazipo, na mteja naye anajua kuhesabu. Ndiyo maana natazama takwimu za saa zile zile anazozitaka kabla sijamtajia idadi yoyote. Zikiwa haba, namwambia achague: idadi au jioni.

Saa ndizo zinazoleta ugomvi zaidi. Mwenye mkahawa anataka tangazo la futari lianze saa kumi na moja jioni. Kwenye seva, saa hiyo huandikwa 17. Lakini 17 ya wapi? Kama akaunti imeachwa kwenye UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma yetu kwa saa 3, 17 hiyo ni saa mbili usiku kwetu: watu wameshafuturu, wengine wako tarawehe, ndipo bango la sambusa linapojitokeza. Weka akaunti kwenye saa za Africa/Nairobi kabla hujaunda sharti la kwanza. Ukiikuta seva iliyorithiwa kwa mtu mwingine, yafungue masharti ya zamani moja moja uyakague. Kubadilisha akaunti peke yake usikuamini.

Tarehe nazo zina mambo yake. Ramadhani na Maulidi ya Lamu hufuata mwandamo, hutangulia siku kama 11 kila mwaka, kwa hiyo anayenakili kampeni ya mwaka jana na tarehe zake anatangaza sherehe iliyokwisha. Na wenye nyumba za wageni wanaowalenga Waitalia wakiwa bado kwao wakumbuke kuwa Italia iko nyuma yetu kwa saa 2 wakati wa baridi na saa 1 wakati wa joto. Sisi hatugusi saa zetu. Wao huzisogeza Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba.

Kuhusu mahali nitasema waziwazi: kulenga nchi hufanya kazi, kulenga mji kwa huku kwetu sikushauri. Seva humtambua mgeni kwa anwani yake ya IP, yaani namba anayoingilia nayo mtandaoni, na wengi wetu tunaingia kwa data ya simu. Mtu ameketi gatini Mokowe akingoja boti, lakini simu yake inatokea kwenye intaneti kupitia mitambo iliyo mbali, na hifadhidata inayohusisha anwani hizo na miji inamsoma yuko Nairobi au Mombasa. Ukiandika "Lamu" kwenye sharti, unamfungia nje yule yule uliyemtaka. Mimi nalenga kwa ukurasa: bango la fundi wa majahazi naliunganisha na nafasi zilizo kwenye ratiba ya boti, nyakati za swala na habari za kaunti. Anayesoma ratiba ya boti za Mokowe hahitaji kuulizwa yuko wapi.

Halafu kuna ukomo wa kila mtu. Ujumbe ninaoupokea sana ni huu: "Shekhe, tangazo langu lilikuwapo, sasa silioni. Pesa zangu zimekwenda wapi?" Amefungua ukurasa mara 3 kumwonyesha shemeji yake, ukomo wake wa siku umekwisha, na seva inafanya alichoagiza. Mwambie afungue kwa simu nyingine. Hesabu hii hukaa kwenye vidakuzi, vijifaili ambavyo tovuti huviacha kwenye kivinjari, kwa hiyo simu moja inayozunguka nyumba nzima ni "mtu" mmoja, na mtu mwenye simu mbili ni wawili.

Vidakuzi hivyo ndivyo sababu ya kuiweka seva kwenye kikoa kidogo cha tovuti yenyewe, yaani anwani iliyo chini ya jina la tovuti hiyo. Ikikaa kwenye kikoa kigeni, kivinjari cha Apple kiitwacho Safari, ambacho tangu 2020 kinazuia vidakuzi vya tovuti nyingine, hakitatunza hesabu hiyo. Na kikoa hicho usikipe jina linalotangaza kuwa ni la matangazo. Programu za kuzuia mabango huyatafuta majina hayo kwanza.

Bango jipya lisipoonekana mara moja, subiri kidogo kabla ya kuvunjavunja mipangilio. Revive huweka taarifa za mabango kwenye kashe, yaani nakala ya muda, kwa kawaida kwa sekunde 1200, yaani dakika 20. Unaweza kupunguza, lakini seva ndogo itahema.

Hesabu ya kila saa niliyoitaja inahitaji mtu wa kuiamsha. Ukiiacha ijiendeshe, huamshwa na wageni wanaofungua kurasa, na tovuti zetu usiku wa manane hazina wageni wa kutosha. Iwekee kazi ya kroni, ratiba ya seva inayoamsha kazi yenyewe, kila saa. Na kila nafasi ya bango uipe kampeni ya kujaza isiyo na sharti hata moja, hata kama ni tangazo la tovuti yenyewe, ili masharti ya wengine yakikataa, msomaji asikute pengo jeupe katikati ya habari.