Shadi wa Mto Columbia anastawi kwa sababu mto si ule wa samoni tena

Ukitaja samaki mgeni mbele ya watu wa Ziwa Victoria, wote humkumbuka sangara, na wana haki: aliingizwa miaka ya 1950 akawala furu hadi aina nyingi zikatoweka. Ndiyo maana nikieleza habari za shadi, samaki mgeni katika Mto Columbia, huko Marekani, ambaye kama samoni hutoka baharini kupanda mtoni kutaga, huulizwa kwanza kama anawala samoni. Hawali. Ana udugu na dagaa wa Tanganyika, na chakula chake kikubwa ni vijidudu vinavyoelea majini. Mimi ni mwanaikolojia wa samaki, na nashikilia kwamba tatizo la samoni ni maji, jinsi binadamu alivyoyabadilisha.

Kwao shadi ni pwani ya Atlantiki. Mwaka 1871 vifaranga wake walipelekwa kwa treni hadi Mto Sacramento, California, na kabla ya muongo huo kuisha walikuwa wameingia Columbia. Lakini hawakupanda mbali, kwani shadi haruki kama samoni, na maporomoko ya Celilo yaliwazuia. Mwaka 1957 bwawa la The Dalles liliyazamisha maporomoko hayo, pamoja na sehemu ambazo wenyeji wa asili walivua samoni kwa maelfu ya miaka. Njia ikafunguka. Mwaka 2019, shadi waliohesabiwa kwenye bwawa la Bonneville walizidi milioni 7. Samoni na jamaa zake, ambao zamani wanakadiriwa kurudi milioni 10 hadi 16 kwa mwaka, siku hizi ni kama milioni 2, na wengi wao wametotoleshwa vituoni.

Siri imo katika kutaga. Samoni jike huchimba changarawe na kufukia humo mayai elfu chache, yanayotaka maji safi ya baridi yapite katikati ya mawe. Tope likitanda, yanakosa hewa. Shadi humwaga mayai laki kadhaa majini, yakachukuliwa na mkondo na kuanguliwa baada ya siku chache. Mabwawa yameugeuza mto kuwa msururu wa maziwa yaliyotulia, yenye joto na planktoni, yaani vile vijidudu vinavyoelea, tele. Kinda la shadi hushiba humo; kinda la samoni hucheleweshwa njiani kwenda baharini, likipita kwenye mitambo ya umeme ya mabwawa na midomo ya samaki walao nyama. Kiangazi cha 2015 maji yalipata joto kiasi kwamba samoni wekundu zaidi ya laki mbili walikufa wakiwa safarini kwenda kutaga.

Simtakasi shadi moja kwa moja. Makinda yake huliwa na samaki walewale wanaowinda makinda ya samoni, na tunahofia kwamba yanawanenepesha.

Huko Atlantiki, shadi huyuhuyu ameporomoka, na mabwawa ni sababu kubwa: mengi yalimfungia njia ya kupanda. Kule Columbia anapandia ngazi za samaki, yaani njia za maji zenye vidato vya kuvukia bwawa, zilizojengwa kwa ajili ya samoni! Kwa hiyo naunga mkono pendekezo la kubomoa mabwawa manne ya sehemu ya chini ya Mto Snake, unaoingia Columbia. Kumvua shadi kwa wingi hakutayapoza maji.