Anayeletwa kama tatizo huenda si chanzo chake

Familia nyingi hufika kwetu, wataalamu wa tiba ya familia, zikiwa zimekwisha kuamua mwenye kosa ni nani. Mara nyingi ni kijana: amekuwa mkaidi, hasemi na mtu, masomo yameporomoka. Wazazi humleta na kutuomba tumnyooshe. Nasi huomba jambo moja kwanza: waingie wote.

Tiba ya familia huchunguza yale yanayopita kati ya watu. Baba akigomba, kijana hujifungia chumbani. Akijifungia, baba huzidi kugomba. Mama akimtetea mmoja, mwingine humwona msaliti. Kila mmoja ana hakika kwamba anajibu tu kosa la mwenzake, na kwa upande wake anasema kweli. Ndiyo maana ubishi wa nani alianza hauishi.

Daktari wa magonjwa ya akili Murray Bowen wa Marekani, aliyelaza hospitalini familia nzima pamoja na wagonjwa wao katika miaka ya 1950 ili kuzichunguza, alilieleza jambo hili kwa mfano wa pembetatu: wawili wakielemewa na mvutano wao, humvuta wa tatu. Tunayemwona akivutwa mara nyingi ni mtoto. Wazazi walionuniana humfanya tarishi: "Kamwambie baba yako." Mzigo huo unaweza kumtoka kwa hasira, au kwa maumivu ya tumbo ambayo vipimo havioni chanzo chake.

Kikaoni mtaalamu si hakimu. Anaweza kumuuliza mtoto, "Mama akilia, nani huwa wa kwanza kumwendea?" Chumba hunyamaza. Tumeona wazazi wakisikia jibu hilo kwa mara ya kwanza, ingawa wanaishi nalo kila siku. Hapo ndipo mazungumzo huanza, na wazazi hujifunza kuambiana wenyewe waliyokuwa wakimtuma mtoto.

Vikao huwa vya takribani saa moja au zaidi, kila wiki au kila baada ya wiki mbili. Baadhi ya familia humaliza baada ya vikao vichache, nyingine huchukua miezi.

Lakini palipo na kipigo au vitisho, msikimbilie kikao cha pamoja. Anayesema ukweli mbele ya anayempiga atarudi naye nyumbani. Hapo kila mtu huonwa peke yake, na usalama hutangulia maridhiano.

Na mmoja akikataa kuja? Njooni mliopo. Mama akiacha kumtuma mtoto, baba atalazimika kutafuta njia nyingine ya kuzungumza na mama.