Boti ya kutembelea ziwani kwa hela ya kawaida, anza na tumbo, mashine baadae

Wiki haiishi bila mtu kunipigia, fundi kuna boti nimeiona hapa Kibirizi, Kigoma, rangi safi, mashine bado ina stika zake, nichukue? Namuuliza umechokonoa mbao za chini? Kimya. Alafu anaanza upya habari za mashine. Nimechoka kurudia kwenye simu, ngoja niandike hapa. We unaetaka boti ya kutoka na familia wikiendi hapa Ziwa Tanganyika, mnasogea kaskazini au kusini mnalala mnarudi kesho yake, soma kwanza ndo unipigie.

Mi ni fundi wa mbao, kazi yangu vipe, zile boti za mbao za kuvulia dagaa, na kwa maoni yangu kama hela ni ya kawaida usiagize boti ya faiba kutoka Dar. Ni nzuri sikatai, ila usafiri mpaka huku mwisho wa reli unakula hela ambayo ungenunulia kipe kizuri kilichotumika, cha mita saba hivi, na ukabaki na ya kukirekebisha. Kipe kimeumbwa kwa ajili ya ziwa hili, kipana tumboni, kinabeba.

Sasa tumbo. Wengi wanasoma mitandaoni maelezo ya watu wa bahari, wanaogopa minyoo inayotoboa mbao. Ziwa letu ni maji baridi, ile minyoo ya baharini haipo. Adui wetu ni kuoza, kwa sababu chumvi ya bahari huwa inazuia ukungu unaokula mbao, huku hakuna wa kuuzuia, na maji mabaya zaidi wala sio ya ziwa, ni ya mvua yanayotuama ndani. Kwa hiyo chukua bisibisi, ingia chini ya viti, nenda kwenye ngama, kule chini ndani ya boti maji yanakokusanyika, chokonoa miguu ya mataruma, zile mbavu za boti, pale yanapokutana na mkuku, ule mti mkubwa wa chini unaobeba boti yote, alafu ubao wa nyuma unaobeba mashine. Bisibisi ikigoma, vizuri. Ikizama kama kwenye keki, mshukuru mwenye boti uende zako, hata akupunguzie nusu. Mbao moja ya pembeni naibadilisha ndani ya siku moja, mkuku ukioza hapo unanunua kuni.

Angalia na misumari, ikitoa michirizi ya rangi ya kahawia kwenye mbao ujue imeshaliwa. Ila kwenye chuma maji yetu ni mapole kuliko ya bahari. Si mnaijua Liemba, ile meli kongwe ya ziwa letu? Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916, injini wakaipaka grisi kwanza, ikaibuliwa 1924 na mwaka 1927 ikarudi kazini. Miaka kadhaa chini ya maji! Baharini sidhani kama mngeipanda.

Mashine ndo watu wanapopoteza hela. Boti ya umbo hili haipandi juu ya maji kama spidi boti, inayasukuma, na inayasukuma mpaka kikomo chake kinachotokana na urefu. Ikiwa sehemu inayogusa maji ni mita sita basi mwendo wake ni kama kilomita 11 kwa saa, ukiongeza mashine mara mbili unaongeza mawimbi, unaongeza na petroli, haraka huioni. Mashine ya nguvu za farasi 15 inatosha kabisa, hata tukihesabu kwamba ziwa letu liko juu kama mita 770 kutoka usawa wa bahari na mashine inapoteza nguvu kidogo kwa ajili ya hewa nyepesi. Kutoka Kigoma kwenda hifadhi ya Gombe ni kama kilomita 16, hiyo ni saa moja na nusu hivi, mnapiga stori mmefika. Na kama mashine ilitoka pwani, tazama kile kipande cha madini kinachofungwa chini ili kutu ikile chenyewe iache mashine. Cha bahari huwa ni zinki, kwa maji baridi weka cha magnesiamu, zinki huku inalala tu haifanyi kazi.

Tukija kwenye kurekebisha, hapa nina dhambi yangu. Kuna mteja alitaka chumba, yani nyumba kabisa juu ya kipe, plaiwudi, madirisha, paa la kusimama mtu mzima, na mimi nikakubali kwa sababu hela ilikuwa mkononi. Ilipendeza hatari. Mwezi wa saba tukatoka nayo, miezi ile ya kiangazi upepo wa kusini-mashariki ukiamka haubishi hodi, ukalipiga lile paa ubavuni boti ikalala ikakaa hivyohivyo inafikiria kwanza kama irudi au isirudi. Ilirudi. Tulipofika ufukweni niliibomoa ile nyumba kwa gharama yangu, na mteja hakunisalimia muda mrefu.

Tangu siku hiyo nafanya hivi. Boti ikiwa ufukweni kwenye maji ya kiuno naitikisa kwa mkono naangalia inavyorudi, ikirudi haraka haraka kwa hasira nafurahi, ikirudi polepole kwa uvivu ujue uzito umekaa juu sana. Badala ya chumba naweka mabomba mepesi yaliyokunjwa na turubai juu yake, la kufungua na kushusha ndani ya dakika moja upepo ukija. Betri ya sola inakaa chini kabisa katikati, maji ya kunywa chini, viti ndo vitanda, unaweka ubao katikati na godoro unalala. Chini ya viti funga madumu matupu ya lita 20, mifuniko imekazwa, kila moja linakubebea karibu kilo 19 boti ikijaa maji, na kumi ukiyafunga vizuri mashine haiendi chini. Laifu jaketi ziwe za kila kichwa, watoto saizi yao.

Jiko la gesi sitaki kulisikia ndani ya kipe. Gesi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inashuka kwenye ngama inakusubiri uwashe kiberiti. Pika ufukweni, migebuka ya kuchoma inataka moto wa kuni anyway.

Nanga nayo ina mambo yake. Ziwa hili lina kina kinachofika karibu mita 1,470, na sehemu nyingi ukitoka ufukweni hatua chache tu chini kunaporomoka, kamba ya mita ishirini ni pambo. Nanga inataka kamba mara tano au zaidi ya kina ili ilale na kushika, kwa hiyo beba mita mia, na tafuta ghuba yenye mchanga kabla jua halijazama, sio saa mbili usiku mnamulika kwa simu.

Usajili na ukaguzi wa TASAC, wale wa serikali wanaosimamia vyombo vya majini, fanya mapema, ukishaitoa boti karakana. Na kipe kilichokaa juani miezi mbao zake zimekauka zimeachana, nikishakikalafati, yani kuziba nyufa za mbao, tukakishusha kitavuja. Kifungeni hapohapo ufukweni, mfue maji, myachote mmwage nje, asubuhi na jioni, mbao zinakunywa zinavimba zinabanana zenyewe. Siku mbili tatu hizo za kwanza msinipigie.