Ekzosi ikitoboka: kiraka cha kukufikisha kwa fundi wa kuchomelea

Gari likianza kunguruma kama trekta, wengi hukimbilia kununua pasta ya ekzosi, ile dawa nzito ya kuziba matundu ya bomba la moshi. Sina ugomvi na pasta, naitumia. Ila tafuta kwanza tundu liko wapi.

Anza injini ikiwa ya baridi, gari likiwa nje penye hewa. Washa, halafu mwenzako avae glovu azibe mdomo wa bomba kwa tambara nene, sekunde chache tu. Moshi ukikosa njia utapenya kwenye tundu na utausikia ukifoka. Usiposikia kitu, nyunyiza maji ya sabuni kwenye maungio uangalie mapovu. Masizi meusi nayo ni shahidi mzuri. Kabla ya kuingia chini, zima injini na weka stendi. Jeki peke yake siiamini, hata iwe yangu.

Tundu likiwa kwenye manifoldi, sehemu inayokusanya moshi unapotoka kwenye injini, sahau pasta. Injini ikilemewa, joto la hapo hupita nyuzi 600. Kwenye fleksi, lile bomba lililosukwa kwa nyuzi za chuma, pasta hukauka vizuri kisha hupasuka injini ikitikisika. Kiraka hukaa kwenye bomba la kati na kwenye sailensa.

Kazi yenyewe ni kusafisha. Juzi nimeletewa gari lenye tundu la punje ya mahindi. Nikagusa kando yake kwa bisibisi, ikazama. Nikaendelea kuchokonoa mpaka nikafika kwenye chuma kigumu, na tundu lilishapita dole gumba. Hii kutu huanzia ndani: lita moja ya petroli ikiungua hutoa karibu lita nzima ya maji, na gari la safari fupifupi halipati joto la kuyakausha.

Tundu la namna hiyo pasta peke yake hailiwezi. Piga brashi ya waya hadi chuma king'ae. Kata mkebe wa bati, uuzungushe kwenye bomba ukivuka tundu sentimita tatu kila upande, paka pasta chini yake, kisha kaza kwa klipu mbili za hosi. Mkebe wa soda wa alumini ni mwembamba mno. Selotepu na supagluu huyeyuka kabla hujafika mbali, nimeshazibandua nyingi. Acha pasta ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye kopo, ndipo uwashe injini bila kukanyaga mafuta, ipate moto taratibu. Pasta ikipata moto ikiwa mbichi hutoa mapovu.

Hata kiraka kikishika, endesha madirisha yakiwa wazi. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na hung'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kichwa kikiuma au kichefuchefu kikianza, simama na wote mshuke. Kama sakafu ya gari nayo imetoboka, usiliendeshe, livutwe.

Na ukiona gari linabugia mafuta, huenda tundu liko kati ya injini na sensa ya oksijeni, kifaa kinachopima oksijeni kwenye moshi. Hewa ya nje huingia hapo, kompyuta ikadhani petroli ni kidogo, ikaongeza.

Ukimfikia wa kuchomelea, mwonyeshe ulipopaka pasta aikwangue yote kwanza. Juu ya pasta, weldi haishiki.