Bandari isiyoganda si bandari ya maji ya moto

Bandari isiyoganda ni ile ambayo meli ya kawaida huingia na kutoka mwezi wowote wa mwaka bila kutanguliwa na meli ya kuvunja barafu. Maana inaishia hapo. Haisemi lolote kuhusu baridi ya mji wenyewe, wala kuhusu njia ya kutoka bandarini hadi bahari kuu. Lakini mambo haya matatu huchanganywa kila siku, na mchanganyiko huo ndio uliozaa ile kauli inayokaririwa mpaka imekuwa kama elimu: eti Urusi haina bandari isiyoganda.

Inayo. Murmansk iko nyuzi 69 kaskazini, ndani kabisa ya Duara la Aktiki, ambako kuanzia mwanzoni mwa Desemba hadi karibu tarehe 10 Januari jua halichomozi. Wastani wa joto la Januari ni kama nyuzi 10 chini ya sifuri. Hata hivyo meli zinapakia. Sasa iweke kando ya Vladivostok, iliyo nyuzi 43, sambamba na Marseille ya Ufaransa: huko ghuba ya Pembe ya Dhahabu hushika barafu kila msimu wa baridi, kwa sababu pepo za miezi hiyo hutoka bara, Siberia, zikiwa kavu na kali. Anayepima kuganda kwa kuangalia ramani, kwamba juu ni barafu na chini ni maji, atakosea hapa mara mbili.

Kinachoiokoa Murmansk ni mkondo wa bahari. Maji ya vuguvugu ya Atlantiki hupita pwani ya Norwe, huzunguka ncha ya kaskazini na kuingia Bahari ya Barents yakiwa bado na nyuzi kadhaa juu ya sifuri. Halafu kuna chumvi. Maji yenye gramu 35 hivi za chumvi kwa kilo hayagandi kwenye sifuri bali karibu na nyuzi -1.8, tena yakipoa juu huzama na ya chini hupanda, kwa hiyo baridi haipati ngozi tulivu ya kugandisha. Ghuba ya Kola, ambamo Murmansk imekaa, ina sehemu zenye kina cha mita 200 na zaidi, na joto lililomo humo haliishi upesi. Kinyume chake ni Saint Petersburg: mto Neva humwaga maji baridi yasiyo na chumvi kwenye ghuba ya kina kifupi, na barafu hujifunga bila shida.

Na hata "isiyoganda" si kiapo. Kichwani mwa Ghuba ya Kola mito Tuloma na Kola huleta maji baridi ya mtoni yanayoelea juu ya yale ya chumvi, na msimu ukiwa mkali tabaka hilo la juu hushika barafu mbele ya gati. Kupwa na kujaa, ambako hufikia kama mita 4, huipasua, na tagi, meli ndogo za kuvuta nyingine, hupita humo.

Jambo linaloudhi zaidi ni kuita bandari "isiyoganda" kwa kuwa tu inafanya kazi mwaka mzima. Vladivostok inafanya kazi mwaka mzima. Saint Petersburg pia. Lakini huko mtu analipia: meli za kuvunja barafu hutangulia, vyombo hupangwa misafara na kusubiri zamu, na nahodha wa bandari hutangaza kwamba meli zisizofikia daraja fulani la uimara dhidi ya barafu zisije. Mwenye shehena huiona tofauti hiyo kwenye ankara na kwenye kalenda. Kejeli ni kwamba kambi ya meli za nyuklia za kuvunja barafu iko Murmansk yenyewe, mahali pasipozihitaji. Kazi yao ni mashariki zaidi, kwenye Njia ya Bahari ya Kaskazini, inayofuata pwani ya Aktiki ya Urusi. Mojawapo, Arktika, iliyoanza kazi mwaka 2020, inavunja barafu ya karibu mita 3.

Mji wa Murmansk ulizaliwa kwa hesabu hiyohiyo. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia Wajerumani waliziba Baltiki, Waturuki wakafunga milango ya Bahari Nyeusi, na Arkhangelsk, bandari ya tangu 1584, huganda nusu mwaka. Reli ikavutwa haraka hadi Ghuba ya Kola, na tarehe 4 Oktoba 1916 ukaanzishwa mji wa Romanov-na-Murmane; mfalme alipoanguka mwaka 1917 ukapewa jina la sasa. Sensa ya 1989 ilihesabu watu zaidi ya 468,000, ile ya 2021 kama 270,000. Kutoganda hakuzuii watu kuhama.

Wala hakuzuii shehena kuganda. Makaa ya mawe ya Kuzbass, huko Siberia, huja na unyevunyevu kwa maelfu ya kilomita ndani ya mabehewa ya wazi ya tani 70 hivi, yakafika yakiwa jiwe moja. Lazima yapashwe moto kwenye mabanda maalumu au yachimbuliwe kwa mashine kabla ya kupakuliwa. Gati linaweza kuwa tupu, bahari wazi, meli imefunga kamba, na bado kazi imesimama.

Novorossiysk, kwenye Bahari Nyeusi, nayo haigandi, ila ina upepo unaoitwa bora, usio na ubora wowote: hewa baridi hurundikana nyuma ya milima ya Markotkh kisha humiminika ghubani kwa kasi inayoweza kupita mita 40 kwa sekunde. Meli zilizotia nanga hutakiwa kutoka kwenda bahari ya wazi, maana marasharasha hugandia juu ya chombo hadi kinazidiwa uzito. Januari 1848 meli ya kijeshi Struya ilizama hivyo. Na ngano inayopakiwa hapo, pamoja na ile inayokuja Mombasa na Dar es Salaam, lazima kwanza ipite mlango-bahari wa Bosporasi, katikati ya Istanbul, Uturuki. Mkataba wa Montreux wa 1936 unaziruhusu meli za biashara lakini unazibana manowari. Februari 2022 Uturuki ilizifungia njia manowari za nchi zinazopigana.

Kwa hiyo mwandishi wa habari akitaka kueleza kwa nini Urusi inatamani kituo cha manowari Port Sudan, kwenye Bahari ya Shamu, aandike kwamba inatafuta mahali pa kutulia nje ya milango ya wengine. Barafu aiache, bandari zisizoganda inazo.