Bomba la majitaka limeharibika? Kamera kwanza, njia baadaye

Malalamiko tunayopokea siku hizi yanafanana: mwenye nyumba amegharamia ukarabati wa bomba la majitaka, na muda si mrefu choo kinarudisha tena. Mara nyingi fundi hakulipua kazi. Njia iliyotumika ndiyo haikulingana na ubovu uliokuwepo.

Kabla ya yote, kamera ipitishwe kutoka kwenye chemba. Ikionyesha nyufa, au mizizi iliyopenya kwenye maungio, na bomba bado lina umbo lake, linaweza kuvikwa kwa ndani. Bomba husafishwa, ikaingizwa soksi ya kitambaa iliyoloweshwa resini (gundi ya maji inayokuwa ngumu), ikatanuliwa kwa hewa au maji, kisha ikagandishwa kwa mvuke, maji moto au mwanga wa urujuanimno. Kipenyo hupungua milimita chache tu. Tumelisema hili mara nyingi: soksi hufuata bomba lilivyolala. Palipodidimia pakatuama maji patabaki vilevile, hata ukivika mara tatu.

Bomba lililopasukapasuka au lililo jembamba mno linaweza kupasuliwa humohumo ardhini: kichwa cha chuma huvutwa ndani yake, kikisukuma vipande vya bomba bovu pembeni na kuburuta bomba jipya nyuma. Kwa kawaida hapo huchimbwa mashimo mawili, la kuingilia na la kutokea. Anayekuahidi kwamba jembe halitagusa ua wako mwulize atapitia wapi. Mabomba mengine yaliyo jirani yatambuliwe kwanza, maana udongo unaosukumwa huyasukuma pia.

Mteremko ukiharibika, chimba mtaro ulilaze bomba upya. Kwa bomba la milimita 100, mshuko wa sentimita 2 kwa kila mita hutosha.

Kuhusu taratibu: kibali huombwa kabla ya kazi kuanza, si mkaguzi anapogonga geti. Ombi liambatane na mchoro wa njia ya bomba, kina chake na mahali linapoungana na laini kuu. Bomba jipya lilazwe juu ya mchanga, lipimwe uvujaji kwa maji au hewa, likaguliwe likiwa bado wazi, ndipo lifukiwe. Anayefukia mapema anaweza kuamriwa kufukua kwa gharama zake mwenyewe, mbali na faini itakayotajwa na kanuni za eneo lake. Kutokujua hakufuti faini.

Dai pia video ya kamera ya kabla na ya baada ya kazi, na uipate kabla hujamalizia malipo.