Namba Haina Miguu

Juzi usiku mzazi mmoja amenitumia picha ya daftari la mwanawe wa kidato cha pili. Chini yake kaandika: "Samahani Mwalimu, hapa umemkosesha kwa nini? Amevusha, akabadilisha alama, kama tulivyofundishwa sisi."

Daftari lenyewe:

2x + 5 = 13
2x = 13 − 5
2x = 8
x = 8 − 2
x = 6

Mstari wa pili na wa tatu nimeweka vema. Wa nne nimekosesha. Na mzazi ana hoja, msimcheke: 5 imevuka ikawa −5, mwalimu akafurahi, 2 nayo imevuka ikawa −2, mwalimu akanuna. Kwa sheria aliyopewa, mtoto hana kosa. Kosa ni la sheria, ile ya "vusha namba upande wa pili wa sawa na, badili alama", na sheria hiyo nimeshaipinga ubaoni, kwenye vikao vya wazazi, na mara moja ndani ya daladala.

Hakuna namba inayovuka. Namba haina miguu. Kilichotokea ni kwamba tumetoa 5 pande zote mbili: kushoto 5 − 5 imebaki sifuri, kulia imebaki 13 − 5. Anayetazama kwa mbali anaona kama 5 imehama na kubadili shati njiani. Ile 2 haikujumlishwa na x, imeizidisha, kwa hiyo anayeiondoa ni kugawanya: 8 ÷ 2, x ni 4. Rudisha 4 mwanzoni upate 8 + 5 = 13. Rudisha 6 upate 17. Kuhakiki huko ni kazi ya sekunde kumi na hakuna anayeifanya.

Hadi hapo wengi hunikubalia. Ninapopata kichefuchefu ni kwenye ile alama ya vistari viwili.

Mtoto anatoka shule ya msingi akiwa ameandika 7 + 8 = ___ mara elfu. Kwake "=" haisemi lolote kuhusu usawa. Ni amri: leta jibu. Kila mwaka nikipokea kidato cha kwanza huwapa hii: 7 + 8 = ___ + 5. Wengi wanaandika 15. Wajasiri wanaongeza ile 5 na kuandika 20. Anayeandika 10 namkumbuka mwaka mzima.

Ugonjwa huohuo ndio unaozaa treni ya "sawa na". Sukari kilo 3, kila kilo 2,800, ongeza chumvi ya 1,500, na mtoto anaandika:

3 × 2,800 = 8,400 + 1,500 = 9,900

Jibu la mwisho ni kweli, lakini mstari wote ni uongo. Usome tena taratibu: unasema 3 × 2,800 ni 9,900. Muuza duka akikuandikia hivyo kwenye sukari peke yake umepigwa 1,500. Nikikata maksi hapo naambiwa nina roho mbaya. Lakini ambaye haoni uongo katika mstari huo hataona kwa nini unachofanya kushoto ukifanye na kulia, na atakachobaki nacho ni kuvusha tu.

Alama yenyewe aliileta Robert Recorde mwaka 1557, akachora mistari miwili sambamba kwa hoja kwamba hakuna vitu viwili vinavyoweza kuwa sawa zaidi ya hivyo. Mwenye aljebra yake, al-Khwarizmi wa Baghdad, aliishi bila alama hiyo karne ya 9. Aliandika milinganyo yote kwa maneno. Maneno yake mawili makuu yalikuwa al-jabr, yaani kuunga kilichovunjika (hata kwa mfupa lilitumika), na al-muqabala, kuweka vitu uso kwa uso. Hili la pili Mswahili anatembea nalo mdomoni: duka liko mkabala na msikiti. Pande mbili zinazotazamana. Neno tunalo, ila darasani tunaona mto na mtu wa kuvushwa.

Haya mengine napita haraka. −3x > 12: gawanya kwa −3 na alama inageuka, x < −4. x² = 5x: ukigawanya kwa x umeitupa sifuri, nayo ni jibu halali. Logi (logarithimu): nimeona kwa macho yangu log x = 2 ikigeuka x = 2 ÷ log, maana log "imevuka" kana kwamba ni namba. Kidato cha nne kwenye matriki (majedwali ya namba) sheria inakufa kabisa. AX = B; ukimvusha A anatua upande gani wa B? Jibu ni A⁻¹B (A⁻¹ ni kinyume cha A), kwa sababu pande zote mbili umezidisha kwa kutokea kushoto. Anayevusha anaandika BA⁻¹, na kama B ni safu moja ya wima, hilo hata kuzidishika halizidishiki.

Sasa nijiseme na mimi. Mizani tunayochora ubaoni badala ya kuvusha, sahani mbili kwa pande mbili za mlinganyo, nayo ina nyufa. Mwanafunzi mmoja aliniuliza kilo −3 inakaaje kwenye sahani ya mizani, na sikuwa na jibu zuri. Bado sina. Halafu si kila unachofanya pande zote mbili ni salama: kipeuo cha pili cha (x + 2) ni sawa na x, pandisha pande zote kwenye kipeo cha pili, utapata 2 na −1, na hiyo −1 ni mgeni asiyealikwa.

Na mtihani wa hisabati wa kidato cha nne una maswali 14 kwa saa 3. Ikifika Septemba, nikiwa mbele ya wanafunzi waliochoka, hunitoka: "vusha hiyo." Ninao walioanza kwa kuvusha wakaelewa miaka miwili baadaye, na ninao walioelewa mizani barabara wakashindwa kumaliza karatasi. Kipi kitangulie, kuelewa au mkono kuzoea, nimefundisha miaka yote hii na nabadilika kila muhula.

Yule mzazi nilimwandikia karibu haya yote kwenye simu. Baada ya nusu saa akajibu: "Asante sana Mwalimu, nimekuelewa vizuri. Kwa hiyo 2 ikivuka inakuwa ya kugawanya."

Nikaandika "Ndiyo". Nikafuta. Nikaandika tena.